Kiingereza cha kila siku kinafunguka porini kuliko darasani: uzi wa wanaoanza na wenye uzoefu

Mzee wa Naabi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Humu ndani haipiti wiki bila mtu kuuliza afanye nini ili aweze kuongea Kiingereza. Wengi wamesoma sekondari, masomo karibu yote kwa Kiingereza, mitihani wameijibu kwa Kiingereza, lakini mgeni akimsimamisha mtaani Arusha na kumuuliza benki iko wapi, anaonyesha kwa kidole tu. Wanajibiwa wasome vitabu, waangalie sinema, walipie kozi. Sikatai hayo. Ila kazi yangu ni kuendesha watalii mzunguko wa kaskazini, yaani Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti, na nimeona vijana wa Karatu na Mto wa Mbu waliomaliza kidato cha nne kwa kuungaunga wakifunguka mdomo ndani ya msimu mmoja wa utalii. Walichofanya ni kukaa mbele ya mnyama na kumweleza mtu mwingine wanachokiona. Naomba nieleze kwa nini inafanya kazi, halafu wenye uzoefu mtaongeza.

Mnyama anakupa cha kusema. Darasani mtoto anaambiwa aelezee likizo yake, anabaki anakodoa macho kwa sababu hana jambo analolitaka kulisema. Nenda Ndutu, upande wa kusini wa Serengeti, mwezi wa pili, wakati nyumbu wanazaa kwenye nyasi fupi. Ndama ameanguka chini sasa hivi, bado amelowa, na dakika chache tu zijazo lazima awe amesimama kwa sababu fisi hawako mbali. Gari zima limeshika pumzi na wote wanakutegemea wewe: "The calf is trying to stand up. It's falling. It's trying again. The mother is licking it. Look, it's up!" Hapo umeshatumia wakati uliopo unaoendelea bila kuandikiwa kanuni ubaoni, na hutaisahau kwa sababu uliitumia ukiwa na jambo la kusema.

Jioni kambini mgeni wa gari jingine anauliza mmeona nini. Sasa unahamia wakati uliopita: "We saw a calf being born. It fell down a few times, then it stood up and ran." Kesho yake asubuhi kwenye chai: "Today we're going to look for cheetahs. We might find some near the rocks." Mnyama yuleyule amekupitisha nyakati zote ambazo mtu anazihitaji dukani, hospitalini na ofisini.

Ukitaka kujifunza "if", hakuna mahali kama Mto Mara upande wa Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi. Nyumbu wanajazana ukingoni, wanasukumana, wanashuka, wanaogopa, wanarudi. Mnaweza kusubiri saa nyingi na wasivuke. Muda wote huo wageni wanauliza, na wewe unajibu: "If the first one jumps, the others will follow." "They're about to cross." "No, they've changed their minds." Sentensi hiyo ya mwisho nimesikia kijana akiitumia wiki hiyohiyo sokoni kwa mteja aliyerudisha shati.

Pa kuanzia ni maneno ya mahali. Usianze na majina magumu ya ndege. Anza na "behind the bush", "under that big tree", "on top of the termite mound", "between the two rocks", "just to the left of the road". Mgeni asipomwona chui mliyemwona ninyi, shida mara nyingi ni maneno haya madogo. Na ndiyo hayohayo yatakayokusaidia kumwelekeza mtu benki.

Suala la saa linahitaji nafasi yake. Madereva tunaonyesha upande kwa kutumia uso wa saa: mbele ya gari ni "twelve o'clock", kulia ni "three o'clock", nyuma ni "six o'clock", kushoto ni "nine o'clock". Sasa sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Saa ya ukutani ikionyesha 8 sisi tunasema saa mbili. Angalia saa yenye mishale: namba 2 na namba 8 zinatazamana. Kwa hiyo kijana mgeni kazini akiambiwa chui yuko "two o'clock", akafikiria saa mbili ya kwetu, macho yake yanakwenda kushoto nyuma wakati chui yuko kulia mbele, upande wa pili kabisa. Ukishaliona hilo, umepata pia njia ya kubadili saa maisha yako yote: tafuta namba inayotazamana nayo. Saa moja ni 7, saa nne ni 10, saa kumi ni 4. Geti la hifadhi linafunguliwa saa 12 asubuhi, mgeni mwambie "six in the morning". Na daima ongeza "in the morning" au "in the evening". Mtu akikosea hapo, mgeni anaachwa hotelini na ndege inaondoka bila yeye.

Nimeandika kirefu. Karibuni.

Dada wa Mahema

Shikamoo Mzee wa Naabi. Mada hii inanihusu moja kwa moja. Mimi ni mhudumu kambini, siendeshi gari, lakini Kiingereza changu chote cha kuongea nimekipatia kwa wageni wanaorudi kutoka kwenye mizunguko wakiwa na habari mdomoni. Ukimuuliza tu "How was your game drive?" mtu anaongea nusu saa, wewe kazi yako ni kusikiliza na kuuliza "And then what happened?"

Mimi nataka kuongelea adabu, kwa sababu hapo ndipo Waswahili tunaonekana wakali wakati mioyo yetu ni mizuri. Kwetu nikisema "nipe begi nikubebee" ni ukarimu. Ukilipeleka vilevile kwa Kiingereza, "Give me your bag," mgeni aliyeshuka garini kiza kimeingia analikumbatia begi lake. Sema "Shall I take your bag?" au "Let me help you with that." Heshima ambayo sisi tunaiweka kwenye shikamoo, kwenye naomba na kwenye sauti, wao wanaiweka kwenye "would you like", "could you", "shall I". Tumia hizo tatu, utashangaa mgeni anavyolegea.

Kingine ni pole. Mgeni akijikwaa kwenye kamba ya hema, sisi tunasema "Sorry!" papo hapo. Yeye anajibu "It's not your fault," anadhani unaomba radhi kwa kuweka kamba vibaya. Sema "Are you all right?" Akikuambia safari ilikuwa ndefu na vumbi tupu, sema "You must be tired." Hiyo ndiyo pole ya safari.

Na jamani, mgeni mwenye mvi msimwite "old man". Mzee kwetu ni cheo, kwao ni kukumbushwa umri. "Sir" inatosha, na "madam" kwa mama.

Mzee wa Naabi

Marahaba Dada wa Mahema, umenena. Niongeze moja ya barabarani. Sisi tukisimamisha gari watu wakajisaidie tunasema tunachimba dawa. Usijaribu kuitafsiri, hakuna atakayekuelewa. Madereva wengi wa safari wanasema "Does anyone need to check the tyres?" na mgeni wa siku ya pili anajua maana yake. Wa siku ya kwanza muulize tu "Does anyone need the toilet?" Ni swali la kawaida, halina aibu.

Sarufi Kwanza

Mleta uzi, nakuheshimu, lakini nina mashaka mawili na ningependa uyajibu kwa dhati.

La kwanza, wageni wengi wa kaskazini ni Wafaransa, Wajerumani, Waitaliano, Wahispania. Wao wenyewe Kiingereza wamejifunza ukubwani. Kijana akijifunza kwao atabeba makosa yao na kuyaongeza kwenye yake. Nimesikia waongoza watalii wanaosema "I will explain you" bila wasiwasi kwa sababu hakuna aliyewahi kuwasahihisha.

La pili, nimewaona watu wanaomwelezea tembo kama profesa, lakini ukimpeleka akafungue akaunti ya benki kwa Kiingereza anakwama. Hicho ni Kiingereza cha tembo, hakiitwi cha kila siku.

Mzee wa Naabi

Mkuu, hoja zako ni nzito na la kwanza nakubaliana nawe nusu. Makosa yanaambukiza, hilo ni kweli. Ndiyo maana vijana ninaowafundisha nawaambia: ukiwa na mgeni kutoka Uingereza, Kanada au Australia, sikiliza anavyouliza maswali na uibe sentensi nzima, sio neno moja. Ukiwa na Mhispania, jifunze jambo lingine: kusema polepole, kwa maneno mepesi, na kuhakikisha mmeelewana. Mhispania na kijana wa Karatu wanazungumza lugha ambayo si ya nyumbani kwa yeyote kati yao, na ndivyo Kiingereza kinavyotumika sehemu kubwa ya dunia siku hizi, bandarini, uwanja wa ndege, kwenye biashara ya China. Kwa hiyo na hilo ni zoezi. Na kwa wanaosoma: ni "I'll explain it to you."

La pili nalijibu kwa kukuonyesha jinsi sentensi zinavyohama. Tukifungua paa la gari tunasema "Mind your head." Utaitumia kwenye ngazi yoyote yenye dari fupi. Barabara ya kushuka Ngorongoro ikiwa mbaya: "Hold on, it's going to be bumpy." "Keep your voice down." "Please stay in the car." "Take your time." "We're running a bit late." "It depends on the weather." Hakuna tembo hata mmoja humo. Anayebaki na Kiingereza cha tembo ni yule anayekariri maelezo ya kitabu na kuyatapika: mimba ya tembo miezi 22, uzito kadhaa, basi. Akishamaliza ukweli wake ananyamaza. Lakini mgeni akiuliza "Do you have children?" palepale kwenye maji ya viboko, na kijana akajibu, halafu yeye naye akauliza, hapo Kiingereza cha kila siku kimeanza. Gari linakaa na watu walewale kutwa nzima, siku kadhaa mfululizo. Darasa gani linakupa muda huo wa kuongea na watu wanne au sita?

Benki utajifunza ukienda benki. Utakwenda ukiwa huogopi.

Mwalimu wa Mikumi

Wadau, nami nichangie, nafundisha sekondari mkoa wa Morogoro. Sina watalii, nina barabara. Barabara kuu ya kutoka Dar kwenda Iringa na Mbeya inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, na ukiwa kwenye basi unaona twiga, swala pala, pundamilia, nyani, mara nyingine tembo, bila kulipa kiingilio. Wanafunzi wangu wakisafiri nawapa kazi moja: kila mnyama utakayemwona dirishani, sema sentensi moja kimoyomoyo kabla basi halijampita. Amefanya nini, yuko wapi, yuko na nani. "Three giraffes are crossing the road and the bus is waiting." Wakirudi tunazisema darasani. Mtoto ambaye hajawahi kunyoosha mkono kipindi cha Kiingereza ananyoosha, kwa sababu safari hii ana habari ya kuleta.

Nataka kuwatahadharisha kuhusu "yes" na "no". Kiswahili kinakubaliana na kauli: ukiniuliza "Hakuna simba hapa?" na kweli hakuna, nitasema "Ndiyo," yaani ulichosema ni sahihi. Kiingereza kinajibu hali yenyewe. Mgeni akiuliza "So there are no lions here?" na hakuna, jibu ni "No, there aren't." Ukisema "Yes" peke yake, anabaki njia panda, hajui ashuke au asishuke. Dawa yake ni kutojibu kwa neno moja. Maliza sentensi: "No, there aren't any." "Yes, there are two, over there."

Halafu kuna he na she. Yeye wetu hachagui jinsia, kwa hiyo watoto wanamwita simba dume "she" katikati ya sentensi. Wanyama wamenisaidia sana hapo. Picha ya simba mwenye manyoya shingoni, "he". Jike, "she". Mnyama usiyejua jinsia yake, "it". Twiga dume pembe zake mara nyingi hazina manyoya kileleni kwa sababu ya kupigana, za jike zina vishungi vya nywele, basi mtoto anaangalia pembe kwanza ndipo anafungua mdomo. Hiyo sekunde moja ya kuangalia inamjengea tabia ambayo nilishindwa kuijenga kwa kalamu nyekundu.

Kijana wa Narok

Salamu kutoka Narok, majirani. Huku Kenya watu hudhani sisi tumezaliwa na Kiingereza, lakini vijana wengi wanaotoka manyatta huingia kazi ya kuongoza wageni wakiwa na Kiingereza cha shule ya msingi tu. Walicho nacho ni ujuzi wa porini. Mtu aliyechunga ng'ombe Maasai Mara tangu utotoni akiona nyayo anajua ni za jana usiku au za asubuhi hii, mnyama alikuwa anatembea au anakimbia. Mimi naamini ujuzi ukitangulia, lugha hufuata upesi. Ukimwambia aseme tu anachokijua: "These are fresh. She was walking. Here she stopped. Here she started to run." Sentensi fupi, lakini mgeni amenyamaza kabisa anasikiliza.

Huku tuko na chama cha waongozaji, KPSGA, chenye mitihani ya ngazi tatu: shaba, fedha na dhahabu. Anayetaka kupanda ngazi lazima aeleze wanyama, ndege, miti, historia, na mambo ya usalama. Kujiandaa kwa mtihani kama huo kumewafundisha wengi Kiingereza kuliko shule.

Matamshi nayo msiyaache. "Leopard" ile o haitamkwi, ni kama lepad. "Hyena" inasikika karibu sana na haina yetu, ukianza na "hai" kisha "ina". Na msishangae mkisikia wazee wa safari wakisema "three lion" au "a herd of elephant" bila s. Ni mazoea ya zamani ya wawindaji yaliyobaki kwenye lugha ya porini. Wewe ongea kawaida, "three lions," hakuna atakayekulaumu.

Swala Tomi

Mkuu Mzee wa Naabi, nimefuatilia toka juu. Kuna yale majina ya makundi, "tower of giraffes", "dazzle of zebras", "crash of rhinos". Tunayaona mitandaoni. Tuyakariri?

Mzee wa Naabi

"Herd" na "pride" uzijue, zinatumika kila siku: "a herd of buffalo", "a pride of lions". "Flock" kwa ndege. Hizo nyingine ni mapambo, wageni wanazipenda na unaweza kuzitoa mchana wakati wa chakula watu wakafurahi. Lakini kijana anayejua "dazzle" na hajui kusema "Would you mind moving over a little so she can see?" bado kazi anayo.

Rafiki wa Virunga

Jambo bandugu. Mimi niko Goma. Huku shule yetu ni Kifaransa, na Kiingereza wengi tunakiona kama kitu cha ng'ambo ya mpaka. Ndugu zangu wawili wako Musanze, Rwanda, wanabebea wageni mizigo wakipanda kuona sokwe wa milimani, yaani gorila. Rwanda ilibadilisha shule kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza mwaka 2008, wao walikuwa tayari wamekua, hawakukutwa na mabadiliko hayo darasani. Kiingereza wamekipata mlimani.

Kule kuna jambo zuri kwa mwenye kuanza. Kila asubuhi kabla ya kupanda, kiongozi anawapa wageni maelekezo yaleyale. Wageni hawazidi wanane kwa kundi moja la sokwe, muda wa kukaa nao ni saa moja. "Stay together. Don't point. If he charges, don't run. Crouch down and look away." Ndugu zangu wamesikia maneno hayo asubuhi baada ya asubuhi mpaka yakawa yao, na sasa wanaweza kumwamrisha mtu kwa upole kwa Kiingereza bila kufikiri. Jambo lililosemwa kila siku kwa namna ileile, mbele ya kitu kinachohitaji tahadhari ya kweli, haliondoki kichwani. Aksanti sana kwa uzi huu.

Mama Segerea

Wakuu, mimi ni mama wa biashara ndogo, niko Dar es Salaam. Nauza samaki wa kukaanga. Mtoto wangu amepata kazi mbali na anaoa mtu wa huko, nataka kuongea na wakwe zangu kwenye simu bila mkalimani. Serengeti naisikia tu, nauli sina. Uzi huu una kitu kwa ajili yangu?

Mwalimu wa Mikumi

Mama, karibu sana. Hifadhi ya Saadani haiko mbali na kwako kama Serengeti, na wa Mwanza wana kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa iliyoko ziwani karibu kabisa na mji, wanavuka kwa boti. Lakini kwa kuanza hauhitaji hifadhi.

Mzee wa Naabi

Mama Segerea, shikamoo, na hongera kwa mkwe. Mnyama wako unaye hapo hapo kwenye karai la samaki: kunguru. Huyu kunguru wa mjini si wa asili yetu, ni wa India, aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 asaidie kusafisha taka, akavuka mpaka bara. Ana akili, hatulii, anaiba, anagombana, anaita wenzake. Kwa mtu anayejifunza kuongea, huyo anafaa kuliko simba, kwa sababu simba anaweza kulala kutwa nzima na kunguru hakupi nafasi ya kupumzika.

Fanya hivi. Ukipata nafasi biashara ikipoa, mwangalie kunguru mmoja kwa dakika moja na ujirekodi sauti kwenye simu ukisema anachofanya. Usisimame kutafuta neno. Neno likikosekana, sema kwa Kiswahili uendelee. Usiku sikiliza, uliza mtoto maneno yaliyokosekana, kesho mrudie kunguru. Ukipenda andika hapa tukusaidie. Wakwe zako wakikupigia wakakuuliza siku yako imekwendaje, una habari ya kuwapa.

Sarufi Kwanza

Hili la kurekodi naliunga mkono kwa mikono miwili. Mama, weka sentensi zako hapa, mimi nitasahihisha, na nitasahihisha kwa heshima.

Dada wa Mahema

Mama, na mkwe akikuambia anaumwa au amechoka, kumbuka "You must be tired" na "I hope you feel better soon." Ndizo pole zako.

Mama Segerea

Nimefanya leo. Nimesikiliza nikaandika kama nilivyosema: "The crow he is come. He is look the fish. I say go! but he don't go. He take one fish and he run up. The other crow is want the fish also. They fight."

Sarufi Kwanza

Mama, umeeleweka kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho, na habari yako ina mwanzo na kisa. Hivi ndivyo ingekaa: "The crow is coming. It's looking at the fish. I tell it to go away, but it won't go. It takes a fish and flies up. Another crow wants the fish too. They're fighting."

Mambo matatu tu ya kushika. Ukimtaja kunguru usimrudie tena na "he" hapohapo, "the crow" inatosha. Macho yakielekea kitu ni "looking at", usiiache hiyo "at". Na "won't go" inabeba lile la kukataa kwa makusudi, hataki kuondoka, ndiyo maana inamfaa kunguru kuliko "doesn't go".

Mama Segerea

Asante mwanangu. Na kama ni jana? Mkwe atanipigia jioni, kunguru atakuwa ameshaondoka.

Sarufi Kwanza

"A crow came. It was looking at the fish. I told it to go away, but it wouldn't go. It took a fish and flew up. Another crow wanted the fish too, and they started fighting." Jirekodi hii kabla hujapigiwa.

Mzee wa Naabi

Na mkwe akiuliza "Did you get your fish back?" usijibu "no" peke yake mama. Sema "No, I didn't. They ate it." Kesho asubuhi tuletee aliyosema yeye.